Mfupa Katika Supu ya Maharage

Foleni ya muuza nafaka ilikuwa ndefu, na jua la saa sita halijui huruma. Fundi wa cherehani, gauni la kijani likimbana kiunoni kama alivyokusudia, aligeuka kuona ni nani anamsukuma. Akakutana na koti jeupe lenye madoa ya damu.

"Wewe si wa buchani? Maharage ya nini tena?"

"Nakata nyama tangu alfajiri, dada. Mpishi hushiba kwa harufu."

"Wateja wako wakijua watakukimbia."

"Na wewe utakimbia?"

Hakukimbia. Ya kujitakia hayana majuto, husema watu ambao hawajayaonja.

Kila Jumapili Bucha, ndivyo alivyomwita, alikuja ameoga mara mbili, shati limenyooshwa, ananukia sabuni. Fundi alimpikia supu ya maharage: yalale kwenye maji usiku kucha, yachemke na karoti, nyanya na kitunguu saumu, kisha nusu yake yapondwe kwa mwiko ili supu iwe nzito. Bucha alikula akipuliza, jasho puani.

"Wiki nzima nanusa damu, kipenzi. Hapa kwako tu ndipo ninaposahau. Nakuomba kitu kimoja: nyama isiingie sufuria hii."

"Kimoja tu? Wenzako huomba mpaka uchoke!"

"Mimi mtu wa bei nafuu."

Siku Bucha alipomleta shangazi yake kumwona mkwe, mama mdogo wa Fundi alivamia jiko mapema. "Shangazi wa mtu unamkaribisha kwa maharage matupu? Watasema mchumba wa mwenye bucha kakosa hata mfupa! Tia mmoja, uutoe kabla hawajafika. Nani atajua?"

Fundi akaogopa midomo ya watu. Akautia, akautoa, akautupa.

Shangazi aliomba aongezewe. Bucha alionja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu. Mtu aliyeishi na mifupa miaka kumi na miwili, unamficha mfupa?

Mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia."

"Nilitaka shangazi yako anipende."

"Mimi nilikuwa nimeshakupenda."

Fundi alipiga simu mpaka mama mdogo akamwambia aihurumie simu. Bucha hakupokea. Miezi mitatu ikapita, ndipo simu yenyewe ikaita juu ya cherehani.

"Fundi."

"Nani mwenzangu?" Alimjua tangu pumzi ya kwanza.

"Aliyekuwa mpenzi wako."

"Mko wengi."

"Wote wanakula maharage?"

Alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole. "Njoo Jumapili, mjinga wewe."

Jumapili hiyo mama mdogo alifungiwa nje. Fundi alinunua sufuria mpya, isiyo na harufu ya jana. Akavaa lile gauni la kijani. Bucha akaja, kijisanduku kimetuna kwenye mfuko wa shati. Wakakumbatiana, wakacheka, wakafutana machozi.

Kisha Bucha akafunua sufuria. Akachukua mwiko, akakoroga hadi chini, akainua, akatazama. Akakoroga tena.

"Naangalia tu," alisema kwa aibu, mwiko bado umo mkononi. Kwa mkono wa pili akatoa pete. "Nimekusamehe, kipenzi. Tuoane."

Fundi aliitazama pete. Akautazama mwiko.

"Moyo wako umenisamehe, naona. Mkono ndio bado."

"Nitaacha."

"Najua utajitahidi. Na mimi nitakuwa nakutazama ukijitahidi, kila mlo, mpaka tuzeeke. Leo sufuria, kesho mkoba wangu. Kosa ni langu, Bucha. Ila kifungo hicho sikiwezi."

Bucha akauona mwiko mkononi mwake, akamkabidhi.

Fundi akampakulia bakuli lililojaa. Bucha akala akipuliza, jasho puani, akalimaliza lote. Akasema supu haijawahi kuwa tamu hivi, na alisema kweli.

Hakuomba kuongezewa.