Nani Aliliuza Pigo la Safdar?

Wazazi wenzangu, nanyi vijana mnaoshinda mbele ya vioo vya michezo, sikieni yaliyoipata nyumba ya Mama Sughra hapa mtaani Mozang, Lahore.

Asubuhi tanuri lao lilikuwa raha ya mtaa. Ghufran, mwanawe mdogo, alibandika naan, ile mikate bapa, kwenye kuta za tanuri. Kaka yake Safdar alizichomoa kwa chuma huku akitania wateja. "Shangazi, chukua hii ya ufuta, itakurudisha usichana!"

Mchana ndugu hao walicheza mchezo wa mapigano kwenye runinga. Shujaa wa Safdar alikuwa mtu wa panga, naye alikuwa amemtungia pigo la siri la kumlipizia kisasi Iqrar wa mtaa wa Ichhra, aliyemwaibisha kwenye mashindano yaliyopita. Aliamini Ghufran peke yake ndiye anayelijua.

Siku ya mashindano ikafika. Safdar akalitoa pigo lake, Iqrar akalizuia. Akalitoa tena, Iqrar akalizuia huku akitabasamu. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Panga gani hilo, la kukatia vitunguu?" mtazamaji mmoja akapaza sauti.

Tangu hapo Safdar hakuwa mtu. Ghufran akipokea simu, Safdar anatega sikio. Akicheka, anajiuliza anachekwa nani. Mama akimtetea mdogo, Safdar anasema, "Kumbe mmeungana!" Ndugu zangu, shaka ni kama hamira: kidogo tu huumua donge zima.

Siku moja Ghufran alikuja kazini na viatu vipya.

"Kakununulia Iqrar?" Safdar akauliza.

"Nimenunua kwa jasho langu, kaka."

"Jasho la kuniuza!"

"Kaka, yule wa panga ni picha tu. Ndugu yako ni mimi!"

Safdar akamsukuma. Mkono wa Ghufran ukazama tanurini, na ukelele wake ukasikika hadi msikitini.

Ghufran akahamia kwa mjomba wao, mkono umefungwa bandeji. Tanuri likapoa, wateja wakahamia mtaa wa pili. Mama hakumsemesha Safdar. Naye hakulegea: msaliti hapewi pole, alijiambia.

Alasiri moja Iqrar akatokea mlangoni na boksi la laddu, vile vitamutamu vya duara. Safdar akashika kile chuma.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja unipokee niwe mwanafunzi wako. Ndiyo maana nimeleta laddu, kama ada ya kumwomba mtu awe mwalimu inavyotaka."

"Sijakufundisha kitu mimi!"

"Umenifundisha, mwalimu. Si wewe unayecheza mtandaoni kila alfajiri kwa jina la Simba Kimya? Tumepigana mara nyingi hadi nikajifunza kulizuia pigo lako, nami sikukujua. Ulipolitoa lile pigo ukumbini, ndipo nilipokutambua."

Safdar akakishusha chuma. Ni kweli. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha tanuri, alijificha nyuma ya jina la uongo akalijaribu pigo lake kwa wageni, akidhani ni watu wa nchi za mbali wasio na madhara. Mwizi aliyemsaka nyumbani alikuwa vidole vyake mwenyewe.

Hakulifungua boksi. Alilibeba hadi kwa mjomba, akaliweka miguuni pa Ghufran.

"Mwalimu wangu ni wewe. Sijui hata pa kuanzia kuomba radhi."

Ghufran akautazama mkono wake. "Huu hautabandika naan tena, kaka."

"Nitabandika mimi. Wewe kaa pembeni unitukane nikiunguza."

Safdar hakuinua uso.

"Utaunguza sana," Ghufran akasema mwishowe, akachukua laddu moja kwa mkono wa kushoto.

Leo ukipita pale utamkuta Safdar ameinama tanurini, vinyweleo vya mikono vimeungua vyote, na Ghufran kakaa pembeni akimtukana. Wateja wamerudi. Kile kidude cha kuchezea mchezo wa runinga amempa Iqrar. Lakini mkono wa Ghufran haujanyooka, wala hautanyooka.

FUNZO

Kabla hujamsaka msaliti nyumbani mwako, chunguza kwanza mikono yako mwenyewe. Kisasi cha mchezo kiishie kwenye kioo, kisiingie jikoni. Na ukishamuumiza ndugu yako, usimletee maneno matamu peke yake: beba mzigo wake.