Waya Mwekundu Nyuma ya Kabati

Sauti ya marehemu haikusikika. Picha ilikuwa safi: kijana amesimama kwenye harusi ya dada yake, kipaza sauti mkononi, midomo inacheza. Lakini televisheni ilitoa kelele za viti tu, kwa mbali.

Mama yake alikaa kwenye kochi, kichwa amekiinamisha. Macho yake hayaoni tena, kwa hiyo picha haikumfaa kitu. Alitaka kumsikia mwanawe. Na diski ilikuwa hiyo moja tu.

"Ameanza kusema?"

"Bado, mama," alijibu seremala, mwanawe mkubwa. Alikuwa anadanganya; kwenye picha mdogo wake alikuwa anasema.

Kabla hajatengeneza kabati jipya la televisheni, diski hiyo ilisema vizuri. Sasa alidhani imechafuka. Wenzake wa karakana waliwahi kumwambia dawa ya meno husafisha diski. Akaisugua kwa nguvu. Akairudisha kwenye deki. Kimya kile kile.

Mkewe akaenda kumwita jirani anayekodisha spika za sherehe. Jirani alipofika alichungulia nyuma ya kabati.

"Shemeji, umelibana ukutani mpaka mende hapiti. Waya uliuchomekaje?"

"Kwa kupapasa."

"Basi umepapasa vibaya."

Wakazima umeme, wakalivuta kabati. Jirani akaonyesha kwa kidole.

"Njano ni picha. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Lakini ona, matundu mekundu ni mawili. Hili lililo pamoja na la kijani na la bluu ni la picha ya aina nyingine. La sauti ni hili, kando ya jeupe. Wewe umechomeka kwenye la picha."

"Mbona viti vinasikika?"

"Hivyo viko kushoto. Kipaza sauti kilirekodiwa kulia, na kulia hujakuunganisha."

Akahamisha waya mwekundu. Umeme ukawashwa, na sauti ya kijana ikajaa chumba. Mama akanyoosha mkono kuifuata. Lakini hotuba ilianzia katikati. Wakairudisha mwanzo, diski ikakwama, ikaruka.

"Mbona hajanisalimia?" aliuliza mama. "Siku ile alianza na mimi."

Jirani akaitoa diski, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa na mikwaruzo. Seremala akamweleza mama yake alichofanya.

Kuhamisha waya hakukugharimu kitu. Dawa ya meno ndiyo iliyogharimu: salamu za marehemu kwa mama yake, jina la mama jinsi alivyolitamka, na kicheko kilichofuata. Zilizobaki ni shukrani kwa wakwe.