Kwa Nini Mzee Ayubu Alimtoa Kipa

"Wamekutoa, Yunus."

Rafiki yake Shaban alisema hivyo kabla hata hajashuka kwenye baiskeli. Yunus alikuwa kwenye kiti cha Datius kinyozi, pale Miembeni mjini Bukoba, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili bado.

"Wamemtoa nani?"

"Wewe. Nyota ya Ziwa wamepanga kikosi kipya. Wewe humo."

Datius akasimamisha wembe. "Kipa wamemchukua nani?"

"Ildefons, wa Izimbya."

"Yule mrefu? Anayedaka mpira kama anapokea mtoto mchanga?"

"Huyo huyo."

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, wakati wa masika. Viwanja vimejaa maji, mechi zimesimama, na kila timu inaacha hawa na kuchukua wale. Nyota ya Ziwa ilikuwa timu ya tajiri mmoja wa kahawa. Wachezaji wake walilipwa, kwa hiyo kuachwa halikuwa jambo la kuchekea. Na aliyeamua nani abaki, nani aende, alikuwa mtu mmoja tu: Mzee Ayubu, mwalimu wa timu.

Mzee Ayubu alikuwa na binti, Maulida. Yunus na Maulida walikuwa wamepeana ahadi, ingawa Yunus alikuwa hajapeleka mshenga. Alikuwa anasema atapeleka msimu ukiisha. Msimu ukaisha, akasema masika yakiisha.

"Nani mwingine kaachwa?" Datius aliuliza.

"Privatus beki."

"Hiyo sawa. Privatus anageuka kama lori. Akimaliza kugeuka, fowadi keshafunga na kurudi kati. Badala yake?"

"Kijana wa Kamachumu."

"Namjua. Safi kabisa. Hapo mzee kafanya kazi. Fowadi?"

"Wamebaki wote."

"Vizuri pia. Sasa mtu mwenye akili hizo anamtoaje kipa ambaye mji mzima unamtegemea? Hapo kuna neno."

"Neno gani?" Yunus akauliza.

"Mimi nanyoa tu. Lakini jiulize, huyo Ildefons kafikia wapi?"

Shaban akaanza kukagua mnyororo wa baiskeli.

"Shaban. Analala wapi?"

"Kwa Mzee Ayubu. Chumba cha uani."

"Na nani anampikia?"

"Kaka, nyumba ile haina mama siku nyingi. Unajua mwenyewe nani anapika."

"Lakini Ildefons ni Mkatoliki," Datius akasema, kama mtu anayefariji.

"Watu wamebadili dini kwa kitu kidogo kuliko Maulida," Yunus akajibu, akainuka.

"Kaa nimalize kichwa!"

Hakukaa. Akaenda hivyo hivyo mpaka nyuma ya nyumba ya Mzee Ayubu, akamkuta Maulida anamenya ndizi kando ya migomba. Maulida alimtazama, akaweka mkono mdomoni.

"Kichwa kimepatwa na nini?"

"Kiache kichwa. Baba yako ameambiwa habari zetu?"

"Shangazi Kokuberwa alimwambia, Jumapili."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Nimesikia.' Halafu akaomba maji ya kunywa."

"Basi?"

"Basi."

"Jumapili kasikia. Jumatatu kanitoa kwenye timu. Jumanne kaweka dume jingine uani kwake. Wewe huoni kitu hapo?"

"Naona, Yunus. Nimemuuliza. Ananiambia mpira si habari ya wanawake."

"Na huyo dume unampikia."

"Nampikia, ndiyo. Ni mgeni, nimnyime? Tena anakula ndizi kama anachimba kisima."

"Unacheka."

"Nacheka kwa sababu umekuja kugomba na nusu ya nywele."

"Umemzoea upesi."

Kisu kikasimama. "Rudia."

"Nimesema, umemzoea upesi."

"Toka kwenye migomba yetu, Yunus. Toka kabla sijamwita mtu."

Akatoka. Na wiki ile ile akapanda lori kwenda Nshamba, upande wa Muleba, ambako timu ya Wakulima ilikuwa inatafuta kipa kwa tochi. Walimpokea kwa vigelegele. Mzee mmoja alimwekea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mlangoni, akaambiwa kijana ni Mwislamu, akakinywa mwenyewe kwa niaba yake.

Mjini Bukoba nako kwa Datius hapakukalika. Kila aliyenyolewa alikuwa na hukumu. Wengine walisema Mzee Ayubu amezeeka, wengine wakasema amepewa kitu na watu wa Nshamba. Mzee alipita njia hiyo kila siku, akasikia yote, hakujibu hata moja.

Privatus, yule beki aliyeachwa, alikuwa sasa utingo kwenye lori la kahawa linalokwenda Nshamba na kurudi. Ndiye akawa mbeba maneno.

"Maulida anasema, lete mshenga."

"Mwambie, nilete mshenga nifukuzwe mara ya pili?"

Lori likaenda, likarudi.

"Anasema, baba hajakubali kwa mdomo, lakini hajakataa."

"Mwambie, kipa mpya hajambo?"

"Hilo mimi sipeleki."

"Peleka, Privatus."

Lori likaenda, likarudi. Privatus alishuka shati limelowa.

"Kasema nini?"

"Hakusema. Kanimwagia maji ya kuoshea ndizi. Mimi, si wewe. Kuanzia leo nabeba kahawa tu."

Usiku Yunus alikuwa akilala na jambo moja: mwanamke asiye na kosa angejibu. Ndivyo alivyojiambia. Mtu akishataka kushuku, hata maji yanakuwa ushahidi.

Masika yakaisha. Mechi ya kwanza, Nyota ya Ziwa wakaja Nshamba, na watu wao malori mawili. Maulida na shangazi yake walikuwemo.

Mzee Ayubu alikuwa na desturi yake. Kabla ya mechi huwapanga wachezaji chini, nguo wamevua, amebaki kila mtu na kaptula, naye anawachua miguu kwa samli ya vuguvugu, mmoja mmoja, mpaka mapaja, huku anawatukana. "Wewe mguu wa bata! Wewe leo ukikosa goli nakuoza kwa mjane!" Wachezaji walipenda. Asiyetukanwa alijua hachezi.

Yunus alikuja makusudi kwa njia inayopita pale. Walikutana uso kwa uso. Mzee Ayubu akainamisha kichwa, akaiacha njia, akaingia katikati ya mibuni mpaka kijana apite.

"Hata salamu, Mzee?" Yunus akasema.

Mzee alikuwa amempa mgongo, anatazama majani ya kahawa.

Mechi ilikuwa ya upande mmoja. Ildefons alifungwa matatu, na la tatu lilipita chini ya tumbo lake. Yunus hakufungwa. Refa alipomaliza, watu wa Bukoba walimzunguka mwalimu wao.

"Umetuuza, Mzee!"

"Kipa wetu umempa adui!"

Yunus alijipenyeza mpaka mbele. Kifua kilikuwa kimejaa.

"Mwulizeni vizuri! Mwulizeni kama alinitoa kwa sababu ya mpira. Mzee, nitazame! Ulinitoa mjini ili binti yako umpe huyu mlowezi uliyemfuga uani. Sema ni uongo!"

Mzee Ayubu alijifunika uso kwa kanzu, akageuka, akaondoka, akitembea haraka kama mtu aliyemwagiwa moto. Ila Ildefons alicheka.

"Mimi? Mimi nina mchumba Izimbya, anaitwa Kokushubila. Ndoa yetu padri keshaitangaza. Na huyo binti, kila akinipa chakula ananiuliza kipa aliyetangulia alikuwa akila nini. Mpaka chakula kinapoa."

Ndipo shangazi Kokuberwa alipofika. Alikuwa mwanamke mfupi, na alimshika Yunus sikio bila kuhangaika.

"Wewe kijana, nani alikulea?"

"Shangazi, niache..."

"Sikuachi. Kwetu mwanamume anaweza kumshika mkwe wake mapaja? Anaweza kumwona amevua nguo? Anaweza kumwita mguu wa bata mbele ya watu?"

"Hawezi."

"Basi angekuchuaje samli? Angekutukanaje? Nilipomwambia kwamba wewe na Maulida mnatakana, kaka yangu alikubali palepale. Ndiyo maana ya 'nimesikia.' Kesho yake akakutoa kwenye timu, maana tangu usiku ule ulikuwa mkwe. Kamchukua huyu mlinda lango asiyejua kuinama, akijua atafungwa, akijua atatukanwa mji mzima."

"Mbona hakusema?"

"Baba wa binti anaanza kusema? Amtangaze mwanawe kama ndizi za sokoni? Alikuwa anangoja mshenga wako. Kila lori likipiga honi anavaa kanzu safi. Wewe ukawa unaleta maswali ya kipa."

Yunus aligeuka kumtafuta Maulida. Alikuwa amesimama karibu, mikono kifuani.

"Ulijua?"

"Nimejua leo, kwenye lori. Lakini mimi sikuhitaji kujua ili nikuamini. Wewe ulihitaji kila kitu, na hukuamini hata kimoja."

Akapanda lori.

Mshenga alikwenda Ijumaa iliyofuata. Alikuwa Mzee Mujuni, baba mdogo wa Yunus, na alikwenda na mbuzi wa kufuta maneno ya uwanjani pamoja na vitu vingine vya posa. Mzee Ayubu alikaa ameelekea ukutani. Yunus aliketi karibu na mlango, macho chini. Wanaume walitafuna punje za kahawa kama ilivyo desturi, wakazungumza mvua, wakazungumza bei, mwisho Mzee Mujuni akaomba msamaha.

"Mwambie kijana," Mzee Ayubu akauambia ukuta, "kwamba mbuzi nimempokea, na upande wangu yamekwisha. Lakini mwenye neno ni binti."

Nyuma ya pazia shangazi Kokuberwa akauliza kwa sauti, "Maulida, unamtaka?"

"Kwanza nina swali."

Wazee wakatazamana. Halikuwa jambo la kawaida.

"Ildefons ataendelea kukaa kwetu mpaka msimu uishe. Nitaendelea kumpikia, maana ni mgeni wa baba. Yunus naye yuko Nshamba. Mwulizeni, ataweza kukaa huko bila kunishuku?"

Mzee Mujuni akamgeukia. "Jibu, mwanangu. Sema utaweza."

Yunus alijua neno linalotakiwa, lilikuwa ulimini tayari. Akakumbuka zile safari za lori.

"Sitaweza," akasema. "Nitashuku. Nimeumbwa hivyo. Lakini nikishuku nitapanda lori nije nimwulize yeye, tena kwa adabu. Sitampelekea mtu maneno."

Baba yake mdogo alifumba macho. Shaban, aliyekuja kama shahidi, alikohoa. Chumba kizima kilisikiliza pazia.

"Angesema ataweza," Maulida akasema, "ningekataa, maana ningejua ameanza kunidanganya kabla ya ndoa. Shangazi, waambie namtaka."

Kokuberwa akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kwa Datius. Mzee Ayubu, bado ameelekea ukutani, akaanza kucheka mabega yakimtikisika, na hakuna aliyethubutu kumtazama mpaka alipomaliza.