Kompyuta Iliyoombewa

Kila alasiri alipotoka shuleni, Kavinya aliteka maji kwenye bomba lililokuwa nyuma ya nyumba yao mtaani Kaloleni, Nairobi, akaosha sufuria za asubuhi, kisha akamfuata mama yake kwenye saiba, duka la intaneti lililo karibu na soko. Huko alimkuta Nthoki, mama yake, ameinama mbele ya kompyuta ya kukodi, akipanga picha za watu waliokufa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Zamani aliajiriwa na wachapishaji fulani mjini, na walipofunga biashara alitoka na ujuzi wake tu. Watu wa mtaa walimletea picha za marehemu, historia ya maisha yake na nyimbo za ibada, naye akawatengenezea kijitabu cha mazishi, kile ambacho kila mwombolezaji hukishika kaburini na baadaye kukihifadhi ndani ya Biblia. Alitengeneza pia kadi za harusi. Lakini harusi huweza kungoja, mazishi hayangoji, na mwenye saiba alifunga mlango wakati wowote alipotaka. Mara nyingine Nthoki alirudi asubuhi akakuta kazi yake ya jana imefutwa na mteja mwingine.

Kikundi cha akina mama kanisani kwao kikaamua kumchangia anunue kompyuta yake mwenyewe, afanyie kazi nyumbani. Aliyepita mlango kwa mlango akikusanya mchango huo alikuwa mwenyekiti wao, Mama Nzivo, mke wa Mzee Mutunga mchonga vinyago. Kikundi kile hakikuwa na desturi ya kununua kitu bila shahidi. Ilikuwa lazima mtu mmoja aende na mnunuzi, aone kwa macho yake, kisha asimame mbele ya wenzake aeleze. Mama Nzivo akamtaja Kavinya.

Kavinya alikuwa katika gredi ya nane na alikuwa mwanachama wa klabu ya kompyuta. Mara nyingi alikuwa amejisifu mbele ya akina mama hao kwamba mambo ya kompyuta anayajua yote. Ukweli ni kwamba klabuni walipokezana mashine chache, na alichojua yeye ni kuandika na kuchora maumbo. Hakusema hivyo. Mama Nzivo alimshika bega akamwambia, "Wewe ndiwe macho yetu, mwanangu." Kavinya akatabasamu.

Moyoni alikuwa na picha yake. Rafiki yake Eve, aliyekaa Buruburu, alikuwa na kaka mwenye kompyuta ya mapajani iliyong'aa kama fedha, nyembamba kama sinia. Siku moja mwanafunzi mwingine alileta shuleni kompyuta ya kwao, nene na nyeusi, na Eve akacheka mbele ya darasa zima. "Manze, hiyo si laptop, ni tofali," alisema. "Mnajengea nayo?" Tangu siku hiyo Kavinya aliapa kwamba tofali halitaingia nyumbani kwao.

Asubuhi ya kwenda dukani, Nthoki alipiga magoti kando ya kitanda na kumvuta Kavinya apige magoti naye. Aliomba polepole, kama anavyoomba mtu ambaye hana njia nyingine. Alimwomba Mungu awaongoze, wasichague kwa tamaa ya macho. Kavinya akasema amina. Tayari alikuwa amekwisha kuchagua.

Muuzaji aliitwa Gachanja, kijana mtulivu. Nthoki alimwonyesha mojawapo ya vijitabu vyake, na Gachanja akaweka mezani kompyuta mbili. Moja ilikuwa nene, imekwaruzwa mgongoni, iliyowahi kutumika ofisini. Nyingine ilikuwa mpya, nyembamba, inayong'aa. Kabla Gachanja hajaanza kueleza, simu ya Nthoki ililia. Ilikuwa ya mteja, na kwa kuwa dukani kulikuwa na kelele, alitoka nje kuipokea.

Gachanja akamweleza Kavinya bila haraka. Ile nene ilikuwa na kumbukumbu kubwa ya kufanyia kazi, ingeweza kufungua picha nyingi nzito kwa pamoja bila kukwama, na betri yake ilikuwa mpya, kwa hiyo stima ikipotea kazi haitapotea. Ile nyembamba ilifaa kuandikia barua na kutazamia filamu. Ukiipa kazi ya picha, alisema, itapumua kwa shida kama mtu aliyebeba gunia akipanda ngazi. Akaongeza kwamba wakichukua yoyote na isiwafae, wairudishe ndani ya wiki moja naye atawabadilishia bila maswali. Kisha akaitwa na mteja mwingine.

Nthoki aliporudi aliuliza, "Amesemaje?"

Kavinya alitazama lile tofali. Akasikia kicheko cha Eve kana kwamba Eve amesimama pale dukani.

"Amesema hii nyembamba," akajibu.

Wakati wa kufunga mzigo, Gachanja aliuliza kama wana hakika. Nthoki akamjibu kwamba binti yake anasoma mambo hayo shuleni. Gachanja alimtazama Kavinya kidogo, naye Kavinya akatazama sakafu.

Jumapili kompyuta iliwekwa mbele ya madhabahu juu ya kitambaa cheupe, nao akina mama wakaiwekea mikono na kuiombea iwe chombo cha baraka. Kavinya alisimama kama shahidi akasema kwamba aliuliza yote, na hiyo ndiyo iliyofaa. Wakapiga makofi. Mzee Mutunga, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na kikohozi chake, alipiga makofi pia.

Taabu ilianza wiki hiyohiyo. Nthoki alipofungua picha ya pili, kompyuta ilitulia kama imelala. Alipofungua ya tatu ilijizima. Alidhani kosa ni lake. Alisema labda hajaizoea, labda vidole vyake vimezeeka. Kavinya alimwona akiweka mkono juu ya kompyuta na kuomba kabla ya kuiwasha, na jambo hilo lilimchoma kuliko kipigo. Siku moja alithubutu kusema kwamba dukani walikubali kubadilisha.

Nthoki alishtuka. "Kitu kilichoombewa madhabahuni tukirudishe? Tutawaambia akina mama kwamba Mungu alikosea?"

Hapo ndipo Kavinya angesema. Sentensi moja tu ingetosha. Alinyamaza, wiki ikapita.

Kisha fundi akaja kuunganisha intaneti. Kampuni yake ilikuwa na huduma mbili, naye akauliza swali moja: humu ndani watu hutazama zaidi, au hutuma zaidi? Alieleza kwamba huduma ya bei rahisi huleta video haraka, ila kutuma faili kubwa kupitia kwayo ni kama kumimina uji kwenye shingo ya chupa. Aliye na kazi ya kutuma achukue ile nyingine. Nthoki alikuwa jikoni, sauti ya jiko la stovu imemziba masikio. Kavinya alizikumbuka filamu alizotazama kwa akina Eve. "Tunatazama," alisema.

Mvua za Novemba zilipoanza, kikohozi cha Mzee Mutunga kilimshinda, akafariki. Mama Nzivo alikuja kwa Nthoki akiwa na bahasha ya picha. Mumewe alikuwa amechonga maisha yake yote, twiga na vifaru na wazee wenye fimbo, na kila kinyago kilikuwa kimenunuliwa na wageni kikaenda ng'ambo. Nyumbani hakikubaki hata kimoja. Zilibaki picha tu, ambazo mzee alikipiga kila kinyago kabla hakijaondoka.

"Wajukuu wake kule Kitui hawajui mikono yake ilifanya nini," alisema Mama Nzivo. "Nataka wapewe kitabu chenye picha hizi kaburini. Wajue babu yao alikuwa nani."

Nthoki aliahidi. Kijitabu kilitakiwa kufika kwa wachapishaji wengine mjini, waliomchapia siku hizi, Alhamisi kabla hawajafunga, kwa kuwa msafara wa kwenda Kitui ungeondoka mochari Ijumaa alfajiri.

Alifanya kazi siku zile kama mtu anayepalilia shamba la mawe. Kila alipoweka picha ya kinyago, kompyuta iliganda. Aliizima, akaiwasha, akaanza ukurasa upya. Alhamisi kazi ilikamilika jua likiwa limeanza kushuka. Akaanza kuituma. Watoto wa mtaa walikuwa wametoka shuleni, kila nyumba inatazama video, na ule mstari mdogo wa kijani kwenye kioo ulisogea kama konokono. Kisha stima ikapotea. Kile kisanduku cha intaneti kikazima taa zake zote, na kompyuta, ambayo betri yake haikuweza kuhimili kazi hiyo, ikafuata.

Kavinya alisimama mlangoni akishika fremu. Stima iliporudi Nthoki alinakili faili kwenye flashi, akajitupia leso mabegani akakimbilia mjini mvuani. Alikuta lango la chuma la wachapishaji limeteremshwa.

Mzee Mutunga alizikwa bila kitabu. Mpwa wake alisoma historia ya maisha kutoka kwenye simu yake, na katikati ya kusoma simu ikaita, na baadhi ya vijana wakacheka. Mama Nzivo alikaa kwenye kiti cha mbele, mikono yake mitupu juu ya magoti. Wajukuu walirusha udongo kaburini kisha wakaenda kucheza. Hayo yote Nthoki aliyaona, kwa sababu alikuwa amekaa nyuma yao.

Aliporudi Nairobi alitia kompyuta ndani ya sanduku lake, akafunga kwa utepe. Alimwambia Kavinya kwamba ataanza kuuza sukuma wiki. "Mungu ameufunga mlango huu," alisema. "Pengine kazi hii haikuwa yangu."

Kavinya angeweza kuvumilia mama yake kujilaumu. Alikuwa amevumilia hilo majuma mengi, na hiyo ndiyo aibu yake. Lakini kusikia Mungu akibebeshwa uongo wake kulimvunja. Akakaa sakafuni akasema yote, duka na fundi, amina na ushuhuda.

Nthoki alisikiliza hadi mwisho. Hakumpiga. Ingekuwa rahisi zaidi kama angempiga.

"Nilipopiga magoti," alisema hatimaye, "uliniacha niombe."

Kesho yake alimpeleka kwa Mama Nzivo, akamwambia arudie maneno yaleyale. Chumbani bado kulikuwa na harufu ya vumbi la mbao, na patasi za marehemu zilikuwa zimepangwa dirishani. Mama Nzivo alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Mwishoni aliuliza jambo moja: je, yule kijana wa dukani alimwambia ukweli?

"Ndiyo, Mama Nzivo."

"Basi Mungu alitujibu," alisema. "Tuliomba, naye akatujibu kwa kinywa cha yule kijana, nawe ukasimama katikati usitupitishie jibu. Kuomba si kumpa Mungu muhuri agonge juu ya kile tulichokwisha kukitamani. Na kusema 'najua' wakati hujui, mwanangu, ni kumwibia mtu nafasi ya kumuuliza anayejua." Akaongeza, "Nimekusamehe, kwa sababu nimeagizwa kusamehe. Lakini usidhani kusamehewa kutarudisha ile Ijumaa."

Kavinya alilia. Hakuna aliyembembeleza.

Walirudi kwa Gachanja. Wiki ya kubadilisha ilikuwa imepita zamani, kwa hiyo walilazimika kuongeza pesa kidogo kidogo, na Kavinya alifua nguo za majirani kila Jumamosi hadi ile kompyuta nene ikawa yao. Safari hii Nthoki alizima simu yake, akauliza maswali yote mwenyewe, akaomba aonyeshwe picha kumi zikifunguliwa kwa pamoja. Zikafunguka. Kuhusu intaneti, alimwita fundi akamwambia, "Hapa tunatuma." Eve alipokuja kuwatembelea alisema neno lake kuhusu tofali. Kavinya alimjibu kwamba ndiyo, ni tofali, na nyumba yao imesimama juu yake.

Kazi ya kwanza ya kompyuta hiyo ilikuwa kitabu cha Mzee Mutunga. Kilitumwa mjini kabla chai haijapoa. Vilipochapwa, Kavinya ndiye aliyevibeba vitabu hivyo hadi nyumbani kwa Mama Nzivo. Mjane alifungua ukurasa wa vinyago, akaufunika kwa kiganja chake kama mtu anayepapasa shavu la mtoto. Alichukua kimoja kwa ajili yake na vingine kwa ajili ya wajukuu. Vilivyobaki alimrudishia.

"Hivi vilikuwa vya waombolezaji waliokuja kaburini," alisema. "Nao wamekwisha kwenda nyumbani."

Mwaka mpya kikundi kilitaka kununua spika za kanisa. Mtu mmoja, asiyejua yaliyotokea, akapendekeza Kavinya aende kuchagua, kwa kuwa vijana wanajua vitu hivi. Akina mama wengine wakainamisha vichwa. Kavinya alisimama.

"Mimi sijui spika," alisema. "Tumtafute anayejua. Nikitumwa, nisiende peke yangu. Twende wawili, tusikie pamoja."

Mama Nzivo hakutabasamu. Aliondoa mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa kando yake, akamwonyesha Kavinya akae hapo.

"Haya," aliwaambia wenzake. "Sasa tunaweza kuomba."