Dole la Karani wa Uongo

Lori la Bedford lilikuwa mita mia mbili mbele yake, likikimbia kwenye barabara ya Iringa.

Muhidini alilala juu ya pikipiki yake ya BSA na kuikamua. Vumbi lilimtoa machozi. Bastola ya Webley ilimgonga ubavuni.

Agizo la mkuu wake wa polisi alilipokea Mbeya alfajiri, kwa simu. Maneno manne tu, nusu yake fumbo la kusema mhalifu amekimbia.

"Chumvi imemwagika. Mlete mzima."

Mzima. Hapo ndipo penye kazi.

Aliyekuwa ndani ya lori aliitwa Abrahamu. Mwaka ule wa 1957 alizunguka vilima vya Iringa amevaa kofia ya kikarani, mkononi vitabu vya risiti vilivyochapwa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Alikusanya kodi ambayo mji ungenunulia mabomba ya maji ya sokoni. Mabomba hayakuja. Walipa kodi arobaini walikamatwa na risiti bandia, na saa kumi jioni hakimu angewapeleka kuvunja mawe mwaka mzima.

Mmoja wao, mzee Saulo, alikuwa anatema damu. Mwaka huo asingeumaliza.

Muhidini alikuwa na kitabu kimoja cha Abrahamu. Mlipa kodi asiyejua kuandika hupiga dole gumba kwenye nakala inayobaki kwa karani. Abrahamu, kwa uvivu, alizipiga zote kwa dole lake mwenyewe, chumbani kwake. Nakala arobaini, dole moja.

Risasi kutoka kwenye lori ikapasua taa ya pikipiki.

Muhidini alijibu kwa moja tu. Tairi la nyuma likapasuka. Lori likayumba, likaingia mtaroni, likatulia likifuka moshi.

"Toka, bwana karani!"



Akazunguka mbele, bastola mkononi. Harufu ya nyama ikamfikia kwanza.

Abrahamu alikuwa amefunua boneti na kuligandamiza dole gumba lake kwenye chuma chekundu cha injini. Meno yalimgongana. Machozi yalimtiririka. Bado alicheka.

"Haya, nipeleke, ndugu yangu. Utamwonyesha nini hakimu?"

Muhidini alimfunga pingu.

Walifika barazani kwa hakimu dakika tano kabla ya saa kumi. Watu arobaini walikuwa wameketi sakafuni. Saulo alikohoa ndani ya shuka lake.

"Ushahidi uko wapi?" hakimu aliuliza.

Muhidini aliweka mezani kifurushi cha karatasi, kimefungwa kwa kamba.

"Mheshimiwa, muulize kwanza mkono wake umepatwa na nini."

"Ajali ya injini," Abrahamu alisema, akitabasamu. "Na bila dole langu, mheshimiwa, hawezi kusema kitabu hicho ni changu."

Hakimu alikitazama kifurushi. Kamba ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Nani amekwambia kuna kitabu humu? Nani ametaja dole?"

Tabasamu likamfia Abrahamu mdomoni.

"Za mwizi arobaini!" mtu alipaza sauti toka sakafuni. "Na sisi ndio hao, tuhesabu!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akaamuru wote arobaini wafunguliwe.

Saulo alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mbele ya Abrahamu, akachana upindo wa shuka lake, akaanza kulifunga lile dole lililoungua, polepole, kama anamfunga mtoto.

"Pole, mwanangu. Moto hauna huruma."

Abrahamu akalia kwa sauti.

Muhidini alivaa kofia yake.

"Usilikaze sana, mzee," alisema, akielekea mlangoni. "Kesho ana mawe ya kuvunja."