Mama Akatazwa Kutembea

Kila alasiri Dhahabu alipotoka chuoni kusoma Kurani aliyakuta yale yale nyumbani kwao Mtongwe. Bibi Mwanakheri, mama wa baba yake, amekaa jamvini akimwaga mchele uliokwisha kupetwa. Uzee ulikuwa umemla akili, hata mwanawe wa kumzaa alimwita mwizi. Mwanatabu, mama yake Dhahabu, alishinda mlangoni kumzuia, kwani bibi akitoka hakujua kurudi. Kumwosha vita, kumlisha vita.

Ilikuwa miaka ya vita vya Wazungu, na baba alipakua meli bandarini. Kila jioni aliporudi, mama alimwachia bibi, akajifunga leso, akatembea upesi upesi hadi kisimani na kurudi, mara tatu, mikono mitupu. Alirudi anavuja jasho, na siku hiyo hakumfokea mtu.

Lakini kwa watu wa pale, mwanamke apitaye bila ndoo wala kuni ana lake jambo.

"Dhahabu we!" Kafedha, msichana wa jirani, alimpigia kelele kisimani. "Mamako kapoteza nini huku? Au yuko amtafutaye?"

Wenzake wakacheka. Dhahabu akaona haya. Badala ya kumwuliza mama, alikwenda kwa shangazi yake Nyevu, akasema, "Mama anamwacha bibi, anazurura." Kwamba baba huwapo, hakulisema.

Nyevu aliingia bila hodi. "Mwanatabu! Mama yangu alikupokea kama mwanawe. Hii ndiyo shukurani?"

"Wifi, mimi nanyoosha miguu tu."

"Miguu! Kwani umekuwa tarishi wa kupeleka barua? Mkwe akiugua, mke huketi. Toka tena uone kama sikuitisha wazee ukarudi kwenu!"

Baba alitazama vidole vyake vya miguu.

Mama akaketi siku arobaini. Miguu ikamvimba, usingizi ukamkimbia, akawa mkali kama pilipili. Siku moja alimfinya bibi mkono, kisha akalia yeye. Dhahabu aliyaona yote.

Asubuhi moja bibi aliruka kizingiti, akashika njia ya pwani. Mwanatabu aliinuka amfuate. Hatua ya tano miguu ile iliyovimba ikamkataa, akaanguka kifudifudi. Dhahabu akapiga yowe. Jirani yao Boga, dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alikimbia akamkuta bibi kwenye mikoko, maji yamemfika kiunoni. Alimrudisha huku akipigwa ngumi.

Nyevu naye akafika, amefura. "Sikusema? Mvivu huyu ataka mama afe!"

"Si mvivu, shangazi," Dhahabu alisema. "Mimi nilikudanganya. Mama hakutoka ila baba yupo."

Nyevu akainua mkono ampige. Boga akaushika, akauweka juu ya mguu wa mama. "Bonyeza, Bi Nyevu." Alipobonyeza, shimo likabaki.

"Hapa hamna mgonjwa mmoja, mna wawili," Boga alisema. "Anayemuuguza mzee aliyepotewa na akili huinua, hugeuza, hukimbia. Mwili wa kuketi tu utayaweza wapi? Na roho nayo huingia uchungu. Basi akitembea, ndiko kumuuguza mama yako huko."

"Na mchana, kaka akiwa bandarini, nani atakaa naye?"

"Wewe, bintiye."

Nyevu alisonya, akaondoka bila kuomba radhi. Lakini kesho yake alikuja, uso umekunjwa kama mkeka. Hata hajakaa vizuri kando ya bibi, akapiga kelele, "Yallah! Kaniuma!"

"Mimi huumwa kila siku, wifi," mama akajibu, akatoka.

Alianza kwa kujikokota, Dhahabu kando yake. Mwezi wa pili uvimbe ulikwisha, na bibi alipochoropoka, mama alimpata kabla hajafika uani kwa jirani.

"Mwanangu," mama alimwambia Dhahabu wakitembea, "neno la nusu lilikaribia kumzamisha bibi yako na kunilemaza mimi. La kukutia shaka, niulize mwenyewe. Na ukimwona mtu anauguza, usimhesabie hatua zake. Mpokee mgonjwa, naye apate kwenda."