Kiti cha Mwenyekiti wa Maji

Pampu ya mtaa ilikata roho Jumatatu asubuhi, ndoo sabini zikiwa foleni.

"Aitwe Spana," watu wakasema.

Spana alikuwa mama wa makamo, fundi cherehani. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu droo ya cherehani yake, pamoja na mikasi na nyuzi, ilikuwa na spana. Kazi ya pampu aliisomea kwa macho. Miaka mitano nyuma alimshikia taa fundi mmoja aliyetoka mbali. Akatazama kila alichofanya. Tangu siku hiyo fundi yule hakuitwa tena.

Basi Spana akaja mbio. Kumbe kibanda cha pampu kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao Mwenyekiti wa kamati ya maji, na Mwenyekiti kasafiri nao mfukoni. Ndivyo mtaa ulivyozoea: ufunguo hukaa na Mwenyekiti, na Mwenyekiti siku zote ni mwanamume. Watu wakakaa siku mbili wakiomba maji mtaa wa pili, kwa aibu.

Jumatano Mwenyekiti akarudi. Spana akaingia kibandani, akafungua valvu, akatoa mpira uliochakaa, akakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Dakika kumi na tano, kazi imekwisha. Mwenyekiti akasogea, akafungua bomba la kwanza. Watu wakampigia makofi. Yeye, si Spana.

"Ahsanteni kwa subira," Mwenyekiti akasema. "Mimi nahama. Jumapili mtachagua mwingine. Fomu zinapokelewa mwisho Jumamosi saa sita mchana. Mdogo wangu ameshachukua ya kwake."

Spana alirudi nyumbani mikono imejaa grisi na moyo unamchemka. Mumewe, fundi saa, alikuwa mezani na saa iliyofumuliwa.

"Nataka kiti kile," Spana akasema.

Mumewe akaondoa kioo chake jichoni. "Kiti kipi?"

"Cha Mwenyekiti."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, akaguna. "Mwanangu, kuku jike hawiki."

"Mama, hataki kuwika," fundi saa akasema. "Anataka maji yatoke." Lakini naye akakuna kichwa. "Watatucheka, mke wangu. Mimi nimezoea, wananiita mume wa Spana. Wewe utaweza?"

Spana akajifuta grisi mikononi. Kuchekwa ndiko kulikomtisha.

Wakati huohuo Mkutubi akabisha hodi. Huyu alikuwa jirani yao, anafanya kazi maktaba, na alikuja kuchukua sketi yake. Alipoelezwa, akaisahau sketi. Akavuta kigoda, macho yanamng'aa.

"Dada, unadhani wewe ndiye wa kwanza? Misri ya kale, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, alitawala mwanamke, Hatshepsut. Miaka kama ishirini. Alijenga, akatuma meli za biashara. Baadaye walichonga ukuta kufuta jina lake. Wapi, leo tunamtaja."

Binti wa Spana, mwenye miaka kumi, akaacha daftari lake. "Mwingine?"

"Njinga, aliyekuja kuwa malkia kule Angola. Inasimuliwa kwamba alikwenda kuzungumza na gavana wa Wareno. Gavana kakaa kwenye kiti, yeye akatandikiwa mkeka. Njinga akamwita mhudumu wake, mhudumu akapiga magoti na mikono chini, Njinga akamkalia mgongoni. Wakazungumza uso kwa uso."

"Na yule aliyekaliwa," binti akauliza, "mgongo haukumuuma?"

Wote wakacheka. "Swali zuri," Mkutubi akasema. "Wapo malkia waliotawala vizuri na waliotawala vibaya, kama wafalme. Mwanamke hawi kiongozi bora kwa kuwa mwanamke tu. Lakini kuwa mwanamke hakumzuii kuongoza. Hapo ndipo tunapokosea hapa mtaani."

Mama mkwe alikuwa ameacha mchele. "Hao walikuwa wasichana, wana nguvu zao."

"La, bibi. Yaa Asantewaa wa Waasante, kule Ghana, alikuwa mama mtu mzima, yakadiriwa miaka sitini. Waingereza walikitaka kigoda cha dhahabu, kigoda kitakatifu cha taifa lake. Wanaume wengine wakasita. Yeye akaongoza vita. Walimkamata, wakampeleka uhamishoni. Lakini katika vita vile kigoda hawakukipata."

"Sitini," mama mkwe akasema taratibu. Kisha akarudia kuchambua mchele.

Kesho yake, kwa katibu wa kamati, Mkutubi akamsomea Spana masharti, yaliyobandikwa ukutani siku zote bila mtu kuyasoma. Mkazi yeyote mtu mzima anaweza kugombea. Aandike fomu, apate wadhamini wawili wasiokuwa mume au mke wake. Kura ni ya siri. Spana akachukua fomu.

"Mdhamini wa kwanza mimi," Mkutubi akasema, akasaini palepale.

Wa pili ilikuwa kazi kumpata. Ijumaa nzima Spana alipita nyumba kwa nyumba. Mmoja alisema ngoja nimuulize mume wangu. Mwingine alisema, kura nitakupa, jina langu usiliandike. Jumamosi ikafika saa tano na nusu, na mstari wa pili bado mweupe. Spana akaikunja fomu, akaiweka drooni juu ya spana. Machozi yalimlengalenga.

Mama mkwe akatoka chumbani amejitanda khanga yake ya kutokea. "Iko wapi hiyo karatasi?"

"Mama?"

"Siku mbili nimeoga maji ya kikombe kwa sababu ya ufunguo mfukoni mwa mtu. Mimi kuandika sijui. Kidole ninacho."

Spana akamtafutia wino. Mama mkwe akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye mstari kwa nguvu zake zote. Fomu ikafika kwa katibu zikiwa zimebaki dakika nane.

Jumapili darasa la shule likafurika. Mbele palikuwa na kiti kimoja tu cha mgombea, maana haijawahi kutokea wagombea wawili. Mdogo wake Mwenyekiti alishakikalia. Spana akabaki wima.

Binti yake akamsogelea, akanong'ona, "Mama, nipige magoti?"

Spana akacheka, na hofu ikapungua. "Simama wima mwanangu. Leo hakuna atakayekaliwa."

Swali likatoka nyuma. "Pampu ikizima, mtafanya nini?"

Mdogo wake Mwenyekiti akajibu haraka, kwa uaminifu kabisa: "Nitamwita Spana."

Darasa likaangua kicheko. Hata mwenyewe akacheka. Kicheko kilipotulia, Spana akasema, "Mimi sitaita mtu. Nitafungua mwenyewe. Ufunguo utakuwa na nakala tatu, na zamu itabandikwa mlangoni. Na nitafundisha vijana wawili, wa kike na wa kiume, ili siku nikiugua msikose maji."

Watu wakaandika kura, wakakunja, wakatumbukiza. Katibu akahesabu mbele ya wote. Spana, sitini na nne. Mwenzake, thelathini na moja. Vigelegele vikapasua paa. Mdogo wake Mwenyekiti akainuka, akakisogeza kiti, akasema, "Karibu ukae. Na mimi nifundishe hiyo valvu."

Spana akakitazama kile kiti, kisha akakikalia. Fundi saa, machozi yanamtoka bila aibu, akawa anamwambia kila aliye karibu, "Mimi ndiye mume wa Spana."

Miezi miwili baadaye pampu ilizima tena, saa tisa alasiri. Saa tisa na nusu maji yalikuwa yanatoka. Mwanafunzi wa Spana, aliyekuwa mgombea mwenzake, ndiye aliyeitengeneza.

Foleni hapo bombani ina msimulizi wake sasa. Bibi mmoja huwainulia watu dole gumba, ingawa wino ulishatoka zamani. "Wanangu," husema, "kiti kile Spana kakipata kwa dole hili." Kisha hujaza ndoo yake, akaenda zake.